Santuri Namba Moja

Katika rafu ya vitabu vyangu, kati ya kamusi na daftari za zamani za mahudhurio, imesimama santuri moja nyeusi ndani ya bahasha ya kaki. Ina ufa. Ufa wenyewe unaanzia ukingoni na kuingia ndani kiasi cha urefu wa kidole, na ukiishika bila uangalifu unasikia kingo zake zikisuguana. Mgeni akiiona huuliza kwa nini mtu mzima ahifadhi kitu kibovu. Huwa namjibu kwa mkato, maana jibu refu linanitia haya. Hapa nitalitoa hilo jibu refu.

Santuri hizo hapo awali zilikuwa 113. Mwezi Machi 2011 niliuza 112 kwa mkupuo mmoja, kwa shilingi 150,000. Noti nilizihesabu juu ya meza hii hii ninayoandikia, na nilijiona mjanja.

Zilikuwa mali ya marehemu kaka yangu, kifungua mimba wa mama yetu, aliyenizidi miaka kumi na mitano. Mwaka 1955 aliajiriwa na Reli na Bandari za Afrika Mashariki, kazi yake kufunga na kufungua mabehewa katika stesheni ya Tabora. Msomaji ambaye hakuujua mji wetu enzi hizo inafaa aelewe stesheni ile ilikuwa kitu gani. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kwa hiyo kila aliyetoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika au Ziwa Viktoria alipita kwetu, na wengi walilazimika kushuka na kungoja gari moshi jingine. Walikula karanga zetu, wakanunua asali, wakatuachia habari.

Na santuri. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kupiga chapa santuri. Bendi zetu zilirekodiwa na redio ya Dar es Salaam katika kanda, na kanda zikabaki redioni. Bendi iliyotaka santuri ya kuuzwa dukani kwa kawaida iliwategemea wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa. Hivyo wimbo uliotungwa Tabora, na vijana wa Tabora, ulisafiri mpaka Kenya, ukageuzwa kuwa sahani nyeusi, kisha ukarudi kwetu kwa njia ndefu: gari moshi kutoka Nairobi hadi Kisumu, meli ya ziwani hadi Mwanza, gari moshi tena hadi Tabora. Kaka alikuwa na rafiki katika kila kituo cha njia hiyo. Alituma pesa kwa mkono wa mtu, na baada ya majuma kadhaa santuri ilifika imefungwa ndani ya gazeti, katikati ya mashati ya mtu mwingine.

Namba moja ilikuwa ya Kiko Kids, bendi ya hapa hapa Tabora iliyoongozwa na Salum Zahoro. Kaka aliinunua Januari 1958. Tarehe hiyo naikumbuka kwa sababu mji ulifurika wageni wa mkutano mkuu wa TANU, ule ulioamua kwamba chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu. Nilikuwa mtoto wa miaka saba. Wakubwa walizungumza siasa barazani mpaka usiku, nasi watoto tukamzunguka kaka aliyekuwa amepiga magoti mbele ya gramafoni yake ya kuzungusha mkono, akifuta vumbi kwenye sahani kwa pindo la shati. Kila upande wa santuri za namna ile ulichukua wimbo mmoja wa dakika tatu hivi, kisha hendeli ilizungushwa tena na sindano ikabadilishwa. Sindano za chuma zilipoadimika, kaka alichonga mwiba. Sauti ya mwiba ilikuwa ndogo na laini, ikabidi wote tunyamaze.

Aliandika namba kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya katikati ya kila santuri. Baada ya Kiko Kids zikafuata za Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro, zikafuata za Ngoma kutoka Léopoldville, na moja ya Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, ambayo kaka aliisifu kuliko zote. Mwenda huyo alijiita wa Bayeke. Na Bayeke ni nani kama si uzao wa wafanyabiashara waliotoka Unyamwezi katika karne ya kumi na tisa pamoja na Msiri, wakafuata shaba mpaka Katanga na kusimamisha ufalme huko? Kaka hakusoma zaidi ya darasa la nne lakini jambo hilo alilijua kutoka kwa wazee. Alikuwa akisema, “Huyu ni mjukuu wetu. Amerudi nyumbani kwa gari moshi.”

Ufa niliutia mimi. Mwaka 1959 niliikalia namba moja, iliyokuwa imeachwa kwenye mkeka, nikasikia mlio mdogo kama wa kigae. Nilikimbilia chini ya mwembe nikangoja fimbo. Kaka alikuja na santuri mkononi, akaitazama upande huu na upande ule, akaketi karibu yangu. “Basi,” akasema, “sasa itakuwa inatuhesabia.” Sikumwelewa mpaka alipoipiga. Kila sahani ilipomaliza mzunguko, sindano ilirukia ufa ikasema *tik*. Tulicheza dansi kwa tik ile kwa miaka mingi, na mimi nilidhani imo ndani ya muziki.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1968 nikachaguliwa kwenda Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza. Huko nilipata Daraja la A, na pamoja nalo nilipata maoni. Novemba 1969 wakuu wa serikali jijini Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, wakisema unapotosha vijana. Chuoni kwetu kulikuwa na mwanafunzi mwenzetu aliyeficha santuri ya James Brown chini ya godoro. Katika mkutano wa wanafunzi nilisimama nikaunga mkono marufuku ile kwa hotuba ndefu, nikapigiwa makofi. Yule mwenzetu hakunitazama tena mpaka tulipohitimu.

Sitaki kujitetea kwa kusema zilikuwa nyakati. Kuhoji muziki wa kigeni lilikuwa jambo moja, tena lenye hoja zake. Lakini dharau ni kama maji ya mvua, haiishii pale ulipoielekeza. Miaka michache baadaye niliuona muziki wa dansi wote kuwa uhuni, pamoja na ule wa nyumbani. Tabora Jazz ilipotamba na mtindo wake wa Segere Matata, na Shem Karenga kutoka Kigoma akaimba “Dada Asha” mpaka wimbo ukajulikana nchi nzima, mimi sikuwahi kuingia ukumbini hata mara moja. Nilikuwa mwalimu. Nyanyembe Jazz nayo niliisikia kwa mbali, kupitia dirisha la nyumba ya shule, nikisahihisha madaftari.

Nilipokuwa mwalimu mkuu nilikusanya magitaa saba ya makopo ya mafuta ambayo watoto walijitengenezea kwa nyaya za breki za baiskeli, nikayafungia stoo pamoja na majembe. Mvulana mmoja alinifuata ofisini siku ya kufunga shule akaomba lake kwa adabu zote. Nilimwambia asome kwanza. Nikikutana naye leo sokoni huniamkia vizuri, wala hajawahi kulitaja. Mimi hulikumbuka kila anaponiamkia.

Kaka alifariki mwaka 1994. Baada ya arobaini, shemeji alinikabidhi sanduku la santuri, akasema marehemu alitaka zikae kwangu kwa kuwa mimi ni mtu wa kutunza maandishi. Nililipokea nikaliweka chini ya kitanda. Gramafoni haikuwemo. Sikushangaa, kwa sababu nilijua iliharibika zamani. Nilipoondoka kwenda Butimba kaka aliniambia springi imekatika, iko kwa fundi. Na kila likizo nilipouliza, ilikuwa bado kwa fundi. Mwishowe niliacha kuuliza.

Nilistaafu mwaka 2010. Kiinua mgongo kilichelewa, na anayejua maana ya neno hilo hahitaji maelezo zaidi. Machi iliyofuata alifika nyumbani mgeni kutoka Ulaya, akiongozwa na dalali kijana wa mjini. Walikuwa wametoka Kwihara kutazama Tembe la Livingstone. Mgeni aliniamkia kwa Kiswahili kizuri, akauliza kama nina santuri za zamani. Nililivuta sanduku.

Namna alivyozishika ilipaswa kunifungua macho. Hakugusa uso wa santuri hata moja. Alizibana kwa viganja ukingoni, akaziinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akaandika kitu katika kijitabu. Mbele ya baadhi yake alikaa kimya muda mrefu. Mimi nimesahihisha mitihani miaka 39 na najua uso wa mtu aliyeona jibu sahihi, lakini siku hiyo nilikuwa nafikiria bati la jikoni. Aliuliza bei. Nilitaja laki moja na nusu nikijua atashusha. Hakushusha. Alitoa pesa.

Alipofika namba moja aliupitisha ukucha kwenye ufa, akaitenga. “Hii hapana, mzee,” alisema, akanirudishia kwa mikono miwili.

Simwiti mwizi. Alilipa nilichotaja, na watu wa namna yake wamefanya jambo ambalo sisi hatukulifanya. John Storm Roberts, Mwingereza aliyehamia Marekani, alikusanya nyimbo za namna hii akazitoa upya mwaka 1987 katika santuri iitwayo *The Tanzania Sound*, wakati sisi wenyewe tukizifunikia mitungi. The Sunburst, vijana wa Dar es Salaam waliochanganya soul na funk na ngoma za kwetu, walitoa santuri yao *Ave Africa* mwaka 1976. Ilipotolewa upya mwaka 2016, waliofanya hivyo ni kampuni ya Uingereza. Nayasema haya bila kejeli. Kinachonisumbua ni kitu kingine.

Kwa miaka 39 nilifundisha somo la misafara. Nilichora ubaoni njia kutoka Bagamoyo kupita Ugogo hadi Unyanyembe na Ujiji. Niliwaambia watoto kwamba Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, mji huu huu, mwezi Novemba. Kwamba Wanyamwezi walibeba pembe mabegani, kila mtu na mzigo wake, na mbele yao kirangozi akiongoza kwa wimbo. Kwamba bei ya pembe ilijulikana Unguja na Bombay, na mwenye kuiuza porini hakuijua. “Kosa la muuzaji lilikuwa nini?” niliuliza kila mwaka. Na kila mwaka mtoto mmoja alinyoosha mkono akajibu, “Hakujua anauza nini, mwalimu.” Nilimwambia akae, amepata.

Wiki mbili baada ya mauzo nilikwenda kumsalimia shemeji. Nilimkuta uani akibangua karanga.

“Mwangaluka, shemeji.”

“Mwangaluka, mwalimu. Karibu kigoda.”

Tulizungumza habari za mvua na za wajukuu. Kisha akauliza, bila kunitazama, “Zile santuri za kaka yako bado unazo?”

“Nimeziuza, shemeji.”

Aliendelea kubangua. “Pesa ngapi?”

“Laki moja na nusu.”

“Umepata kuliko gramafoni.”

“Gramafoni ipi?”

Hapo ndipo alipoacha karanga. Akaniambia kwamba Desemba 1968 ilipokuja barua ya chuo, na orodha ya vitu vya kwenda navyo, sanduku la bati, viatu jozi mbili, blanketi, mashuka, nguo za darasani, baba yetu hakuwa na kitu na mshahara wa kaka ulikuwa umekwisha kwenye ugonjwa wa mama. Kaka aliibeba gramafoni kichwani usiku ili watoto wa mtaani wasiione, akamuuzia mwenye duka kwa shilingi 90. “Springi haikukatika,” shemeji alisema. “Alisema nikikwambia ataniacha.”

Nilikumbuka viatu vile. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, na nilivivaa siku niliyosimama kutoa ile hotuba.

“Lakini aliendelea kununua santuri,” nilisema. Nilijua hivyo kwa sababu namba zilifika 113, na nyingi za mwisho zilikuwa ndogo, zile za tundu kubwa katikati, za miaka ya sabini.

“Alinunua. Alikuwa akizipeleka kwa rafiki zake zikapigwe huko, akirudi ananiimbia.” Akachukua karanga nyingine. “Hukuambiwa kwa sababu hukuuliza, mwalimu. Uliuliza gramafoni. Hukuuliza muziki.”

Nilimtafuta yule dalali siku iliyofuata. Alikuwa amehamia Mwanza, na namba yake ya simu haikupatikana. Sikumfuata zaidi ya hapo. Ningemwambia nini?

Ikabaki namba moja. Mwaka uliofuata nilisikia kwamba fundi mmoja wa redio huko Isevya ana mashine ya santuri yenye spidi zote tatu, 33, 45 na 78. Nilikwenda na shemeji, pamoja na binti yake mkubwa ambaye ananiita baba mdogo. Fundi aliutazama ufa akatikisa kichwa, akasema itapigwa mara moja au mbili, zaidi ya hapo haahidi. Binti akatayarisha simu yake ili arekodi. Fundi alipunguza uzito wa mkono wa mashine kwa sarafu aliyoifunga nyuma kwa uzi, akaishusha sindano kwa pumzi iliyozuiwa.

Kwanza ilikuja mikwaruzo, kama mvua juu ya nyasi. Kisha ile tik. Nilitazama saa kama nilivyozoea darasani nikahesabu: mara 78 kwa dakika, kama sheria ya mashine inavyotaka. Kisha magitaa, kisha sauti za vijana ambao wengi wao sasa ni marehemu. Binti alitabasamu. Mimi nilijitahidi nisifedheheke mbele ya fundi.

Shemeji peke yake alikunja uso. “Siyo huu,” alisema.

“Ni huu, mama,” fundi akamwambia. “Kiko Kids. Imeandikwa.”

“Mnaukimbiza. Sisi hatukuucheza hivi.”

Fundi alifikiri kidogo. Akauliza ile gramafoni ya zamani ilikuwa ya springi? Ndiyo. Ya kununuliwa mpya au ya mkononi? Ya mkononi. Akacheka. Akaeleza kwamba springi ikichoka, sahani huzunguka polepole kuliko ipasavyo, na wimbo hushuka ukawa mzito. Kumbe miaka yote ile, pale uani kwetu, tulikuwa tukisikia wimbo ambao hakuna mahali pengine duniani uliposikika hivyo. Akaurudisha mkono wa mashine mwanzoni. Safari hii aliweka kidole gumba ukingoni mwa sahani, kwa wepesi kabisa, akaikawiza.

“Bado,” shemeji akasema. “Bado. Hapo.”

Sauti zikashuka, tik zikaachana. Binti alizihesabu baadaye kwenye simu, zilikuwa 70 kwa dakika. Shemeji alikuwa amefumba macho na mguu wake wa kulia ulikuwa ukigonga sakafu, si pamoja na gitaa, bali pamoja na ufa.

Tangu wakati huo haijapigwa tena. Shem Karenga alifariki mwaka 2014. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kazi ambayo ilinipasa kuifanya mwaka 1994. Nimenunua daftari kubwa la mistari, nimeandika namba 1 hadi 113 pembeni kama rejista, na mbele ya kila namba naandika jina la bendi, wimbo, alikoipata kaka, na mahali ilipopigwa. Santuri zenyewe sizioni, hivyo natumia kichwa changu, ambacho nusu yake kilikuwa kimeziba masikio, na kichwa cha shemeji, ambaye sasa ni bibi wa miaka zaidi ya themanini. Yeye hakumbuki namba. Anakumbuka wimbo, na siku gani kaka alirudi akiuimba, na alikuwa amevaa nini. Wakati mwingine tunabishana. Namba 40 yeye anasema Nyanyembe, mimi nasema Tabora Jazz, na pameachwa wazi.

Huwa nakwenda kwake Ijumaa jioni. Ijumaa iliyopita tulifika 64. Alikuwa amechoka, akaniambia nifunge daftari, kisha nilipokuwa mlangoni akaniita tena. Kuna moja, alisema, iliyokuja ndani ya mashati ya mtu wa Kisumu, jina lake limempotea kabisa, ila alikumbuka mwanzo wake. Akauanza kwa sauti ndogo. Nilirudi nikaketi.